Eko ya moyo: maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu kupima vyumba na valvu za moyo

Kazi yangu ni kushika probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa kifuani, na kuangalia mioyo ya watu. Maswali haya nayasikia karibu kila siku, mengine mtu anauliza keshalala kitandani, mengine anauliza yuko mlangoni anaondoka na ripoti mkononi, na hayo ya mlangoni ndiyo yanayoniuma zaidi maana unaona kabisa mtu anaenda nyumbani na hofu ambayo dakika mbili za maelezo zingeitoa. Nimeanza na maswali ya mwanzo kabisa, yale ya ndani zaidi yapo mwishoni. Namba zote ni za watu wazima.

## Mambo ya mwanzo

1. Eko ni kitu gani hasa?

Ni ultrasaundi ya moyo, basi. Ni ile ile wanayomwangalizia mtoto tumboni, ila hapa inaelekezwa kwenye kitu ambacho hakitulii hata kidogo. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, probu ya moyo wa mtu mzima inatetema kama milioni 2 hadi 5 kwa sekunde. Yale mawimbi yakigonga ukuta wa moyo au valvu yanarudi, mashine inapiga hesabu yamechukua muda gani, inapata umbali, inachora picha hapo hapo moyo ukiwa unadunda. Eko maana yake ni mwangwi.

Walioanzisha ni daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz, mjini Lund nchini Sweden, mwaka 1953, na mashine waliyoanza nayo ilikuwa ya kukagulia vyuma viwandani. Edler alichokuwa anakitafuta ni njia ya kujua valvu imebana kiasi gani bila kumpasua mtu. Mpaka leo swali ni hilo hilo.

2. Si nilishapimwa ECG, eko ya nini tena?

ECG inasoma umeme wa moyo, haiuoni moyo wenyewe. Mtu anaweza kuwa na ECG safi na valvu inavuja vibaya, na mwingine akawa na eko safi huku mapigo yake yanaruka ruka. Hakuna inayochukua nafasi ya mwenzake. Wakati wa eko huwa tunakubandika nyaya tatu za ECG kifuani, hiyo ni ili mashine ijue pigo limeanza saa ngapi na limeisha saa ngapi.

3. Inaonyesha kila kitu cha moyo?

Hapana, na naomba hili lieleweke vizuri. Inaonyesha ukubwa wa vyumba vinne, unene wa kuta, nguvu ya kusukuma damu, valvu zote nne zinavyofunguka na kufunga, maji kwenye mfuko wa moyo, matundu, mabonge ya damu, na inakadiria presha ndani ya moyo. Lakini mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe, ile inayoziba mtu akapata shambulio la moyo, eko ya kawaida haionyeshi kama imeziba. Tunaona tu matokeo, yaani sehemu ya ukuta iliyokosa damu na haisogei kama wenzake. Kwahiyo mtu mwenye maumivu ya kifua akiambiwa eko iko sawa asiseme basi mishipa yangu mizima. Ni kipimo kingine hicho, kimojawapo kiko swali la 18.

4. Ina mionzi?

Haina. Ni sauti tupu. Mjamzito anapimwa, mtoto mchanga anapimwa, na ukihitaji kurudia mara kumi hakuna ubaya.

## Siku ya kipimo

5. Nisile? Nisinywe dawa?

Kwa eko ya kawaida kula, kunywa, meza dawa zako zote, za presha na hata wafarini, ile ya kuzuia damu kuganda. Watu wanaacha dawa asubuhi wakidhani zinaharibu kipimo halafu presha inapanda na ndiyo inayotuharibia vipimo. Masharti yapo kwa eko ya kooni na ya mazoezi tu (swali la 17 na 18). Vaa nguo ya juu inayovulika kirahisi, na kama una ripoti ya zamani njoo nayo, tafadhali sana njoo nayo, sababu iko swali la 22.

6. Kwanini nalalia ubavu wa kushoto, na kwanini mnanikandamiza hivyo?

Sauti hii haipiti kwenye mfupa na haipiti kwenye hewa. Sasa moyo wako umekaa nyuma ya mbavu na umezungukwa na mapafu yaliyojaa hewa. Ukilalia ubavu wa kushoto moyo unasogea mbele na kuegemea kifua, pafu linajitoa kidogo. Ukiweka mkono wa kushoto chini ya kichwa mbavu zinaachana, napata kijinafasi cha upana wa kidole hivi, hapo ndipo probu inapopenya. Ile jeli ya baridi inafukuza hewa kati ya probu na ngozi. Nikikuambia toa pumzi ubaki hivyo, nasubiri mapafu yapungue, na kuna watu picha inatoka kwenye ukungu mtupu hadi kuonekana valvu nzima kwa ile pumzi moja tu iliyotoka.

Kukandamiza ni kwa sababu hiyo hiyo, ila ikiuma sema, tunabadilisha pembe. Na kwa akina mama, probu lazima iende chini ya titi la kushoto, hakuna njia ya kulikwepa hilo, lakini una haki ya kufunikwa sehemu isiyopimwa na una haki ya kuomba mtu wa kusimama nawe chumbani.

7. Inachukua muda gani?

Kama dakika 20 hadi 45. Ikichukua saa nzima si lazima kuna tatizo, mara nyingi ni picha tu zinasumbua.

8. Mpimaji alikaa kimya muda wote, ameona kitu kibaya?

Hapana, anahesabu. Kwenye kipimo kamili tunachukua makumi ya picha na vipimo, mstari ukikosea milimita mbili hesabu nzima inayumba, ndiyo maana anakunja uso. Mara nyingi aliyeshika probu siye anayesaini ripoti, kwahiyo haruhusiwi kukuambia majibu kabla daktari hajapitia. Uliza tu, "nitapata majibu lini na kwa nani?", hilo anaweza kujibu.

## Vyumba vya moyo

9. EF yangu ni 60, mbona siyo 100? Moyo umebaki nusu?

Hili ndilo swali namba moja, na kuna watu wamelia kwa ajili yake. EF ni asilimia ya damu inayotoka kwenye chumba kikubwa cha kushoto kwa pigo moja. Chukulia chumba kimejaa mililita 120, kikikaza kinatoa 70, kinabaki na 50. Sabini gawa kwa 120 ni kama 58 kwa mia. Huo ni moyo mzima kabisa! Hakuna moyo unaotoa damu yote, ukiona EF ya 85 tunaanza kujiuliza kuna nini.

Kawaida ni kama 52 hadi 72 kwa mwanaume na 54 hadi 74 kwa mwanamke. Ikiwa 40 kushuka chini moyo umedhoofika, 41 hadi 49 iko katikati.

Jambo jingine, EF ni makadirio. Mtu anachora mpaka wa chumba kwenye skrini, mwingine angechora tofauti kidogo, wapimaji wawili wazuri wanaweza kupishana pointi 5 au zaidi kwa moyo ule ule siku ile ile. Kwahiyo mwaka jana 58 mwaka huu 54 siyo kwamba umeshuka. Kutoka 58 kwenda 40, hapo tuongee. Na EF nzuri peke yake haikuhakikishii moyo mzima, mtu anaweza kuwa na 60 na bado anashindwa kupanda ngazi, soma swali la 11.

10. Ripoti inasema moyo umetanuka, au ukuta umekuwa mnene. Ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili. Chumba cha kushoto kikijaa, upana wake wa kawaida ni milimita 42 hadi 58 kwa mwanaume, 38 hadi 52 kwa mwanamke. Ukuta wake ni kama milimita 6 hadi 10, kwa mwanamke hadi 9. Presha ya muda mrefu inafanya ukuta unenepe maana moyo unasukuma dhidi ya mzigo, kama msuli wa mbeba magunia. Valvu inayovuja inafanya chumba kitanuke kwa sababu kila pigo kinapokea damu mpya pamoja na ile iliyorudi.

Mimi binafsi chumba ninachokiangalia kwa makini sana ni kile cha juu kushoto. Presha ukiipima leo inakuambia ya leo, lakini chumba hiki kikiwa kimetanuka kinakuambia presha ndani ya moyo imekuwa juu kwa miezi au miaka, hata kama leo umekuja umetulia. Kipimo chake kizuri ni ujazo ukigawanywa na eneo la mwili, kikipita mililita 34 kwa mita mraba kimekuwa kikubwa.

11. "Moyo haulegei vizuri, daraja la 1." Nianze kuandika wosia?

Hapana jamani. Moyo una kazi mbili, kukaza na kulegea, na kulegea ndiko kunakoruhusu damu iingie. Ngozi inavyopoteza mvutano na umri, msuli wa moyo nao unakuwa mgumu kidogo, hivyo daraja la 1 ni la kawaida sana kwa watu wa umri mkubwa na kwa wenye presha. Daraja la 2 na la 3 ni habari nyingine, hapo damu inakwama kuingia, inarudisha msukumo kwenye mapafu na mtu anahema hata kama EF ni 60. Kwa daraja la 1 cha kufanya ni kudhibiti presha, sukari na uzito.

12. Mnapimaje presha ya mapafu bila sindano?

Tunatumia uvujaji. Valvu ya kulia, trikaspidi, kwa watu wengi inavuja kidogo, tunapima kasi ya ile damu inayorudi. Kasi mara kasi mara 4 inakupa tofauti ya presha: mita 2.8 kwa sekunde inatoa kama milimita 31 za zebaki, kipimo kile kile cha presha ya mkononi, halafu unajumlisha presha ya chumba cha juu kulia. Kama valvu haivuji kabisa hesabu hii haifanyiki, na haimaanishi wamekuruka. Ni makadirio, ikionekana juu sana daktari anathibitisha kwa njia nyingine.

## Valvu

13. Zile rangi nyekundu na bluu, bluu ni damu chafu?

Hapana. Nyekundu ni damu inayoijia probu, bluu ni inayoikimbia. Nikigeuza probu damu ile ile inabadilika rangi. Msingi wake ni kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, wimbi likigonga kitu kinachosogea linarudi limebadilika mtetemo. Sisi rangi inayotushtua ni mchanganyiko wa manjano, kijani na bluu kama moto, maana hiyo ni damu inayopita kwa kasi na fujo mahali pembamba.

14. Wameandika valvu inavuja kidogo. Nifanyiwe upasuaji?

Valvu inayovuja kidogo sana ni kitu cha kawaida, hasa trikaspidi, ya mapafu na mitrali (ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto). Watu wazima kabisa wenye mioyo mizima wanazo, mashine za siku hizi zinaona kila tone. Ya aota, ile ya kutolea damu kwenda mwilini, ikivuja kwa kijana ndiyo naitazama mara mbili, huwa nahesabu vijani vyake, yaani vile vipande vinavyofunguka na kufunga, maana inapaswa kuwa na vitatu na kuna watu wamezaliwa na viwili, kama mtu 1 au 2 katika kila 100.

Neno la kutafuta kwenye ripoti ni kiwango, yaani kidogo, wastani au kikubwa, halafu angalia vyumba vimesemaje. Uvujaji mkubwa wa muda mrefu lazima uache alama, chumba kitanuke. Ripoti ikisema inavuja sana na vyumba vyote vya kawaida, ama imetokea ghafla, ambapo mtu anakuwa mahututi, ama kipimo kirudiwe.

15. Mnajuaje valvu imebana kiasi gani?

Bana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji yanaruka kwa kasi. Valvu ya aota ikibana damu inaruka vile vile na sisi tunapima kasi. Ikifika mita 4 kwa sekunde imebana sana, kwa hesabu ile ya swali la 12 unapata tofauti ya presha ya 64 kileleni. Wastani wa tofauti wa 40 na kuendelea, au tundu la sentimita mraba 1 kushuka, nayo ni sana. Tundu la kawaida ni 3 hadi 4.

Hapa ndipo mkono wa mpimaji unapoonekana. Kasi inapimika sawasawa pale tu mstari wa probu unapolingana na njia ya damu, ukienda kombo unapata namba ndogo kuliko ukweli, kamwe siyo kubwa. Ndiyo maana anayejua kazi anakugeuza ubavu wa kulia, anakuja juu ya shingo pale kwenye kishimo, anatafuta na kutafuta. Unaweza kupata mita 3.4 ubavuni na 4.3 ukihamia kulia, mtu yule yule, na hizo pointi ndizo zinazoamua aende upasuaji au arudi nyumbani. Akikusumbua kukugeuza geuza mvumilie.

Kuna mtego mmoja: moyo ukiwa dhaifu hauwezi kusukuma kwa kasi, namba inatoka ndogo wakati valvu imebana vibaya. EF ndogo na tundu dogo pamoja, daktari anaweza kuomba eko ya dawa ya kuongeza nguvu ya moyo (dobutamini, swali la 18) kutofautisha.

16. Niliumwa koo utotoni, linahusianaje na valvu?

Linahusiana sana. Bakteria wa koo wanaoitwa streptokoka kundi A wakiachwa bila tiba wanaweza kuleta homa ya rumatiki, ambapo kinga ya mwili inashambulia valvu zake yenyewe, mitrali hasa. Mitrali nzima ina vijani viwili vyepesi, vinafunguka vinapiga kama kitambaa kwenye upepo. Ile iliyoumwa, ncha zimegandana na tumbo la kijani bado linataka kusogea, basi kila pigo kinapinda kama kiwiko, kinatuna katikati huku ncha imekwama. Ukishakiona mara moja hukisahau. Tundu lililopaswa kuwa sentimita mraba 4 hadi 6 likifika 1.5 kushuka, limebana sana.

Eko inaweza kuona dalili za mwanzo kabla hata daktari hajasikia chochote kwa kipimasauti. Waliogunduliwa wanaandikiwa sindano za penisilini kila wiki 3 hadi 4 kwa miaka, na nawaomba kwa moyo wangu wote msiache eti kwa sababu mtoto anacheza mpira vizuri. Sindano haitengenezi valvu iliyoharibika, inazuia shambulio la pili, na la pili ndilo linalomaliza.

## Aina nyingine na hali za pekee

17. Eko ya kupitia kooni ni ya nini?

Umio umepita nyuma kabisa ya moyo, hakuna mbavu, hakuna pafu katikati, kwahiyo picha ni kali mno. Inatumika kutafuta bonge la damu kwenye kijimfuko cha chumba cha juu kushoto, vidonda vya maambukizi kwenye valvu, na valvu za bandia, maana chuma kinatupa kivuli kinachoficha mambo ukipimia kifuani. Hutakula kwa saa kama 6, unapuliziwa ganzi kooni, unapewa dawa ya usingizi mwepesi, usiendeshe gari siku hiyo. Sema mapema kama una shida ya kumeza, umewahi kutapika damu au una meno ya bandia.

18. Na ile ya mazoezi?

Tunaangalia kuta umepumzika, kisha unakimbia kwenye mashine au unachomwa dobutamini moyo uende mbio, tunaangalia tena. Ukuta uliokuwa unasogea vizuri ukilegalega moyo ukienda mbio, mshipa unaoulisha huenda umebana. Kuna dawa za kupunguza mapigo unaweza kuambiwa uziache kwanza, aliyeziandika ndiye aseme.

19. Nina ujauzito na nahema sana, nipimwe?

Kuhema kidogo ni kawaida ya mimba kubwa. Ila kuhema ukilala chali, kuamka usiku unatafuta hewa, miguu kuvimba ghafla, mwezi wa mwisho au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, pimwa, usikubali kuambiwa ni uchovu wa kunyonyesha. Kuna ugonjwa wa moyo kudhoofika kipindi hicho hicho, na ukigunduliwa mapema wengi wanapona. Moyo wa mtoto tumboni nao unapimwa, muda mzuri ni wiki ya 18 hadi 22.

20. Natibiwa kansa, kwanini wananipima moyo?

Baadhi ya dawa, kama doksorubisini na trastuzumabu, zinaweza kudhoofisha moyo. Kipimo cha kabla ya dawa ndicho cha kulinganishia, na hapa ni vizuri mashine na mpimaji wawe wale wale inapowezekana.

21. Mapigo yangu hayana mpangilio, kipimo kitakuwa sahihi?

Kitakuwa, ila tunapima mapigo kadhaa, matano hivi, na kuchukua wastani, kwa sababu kila pigo linajaa tofauti. Ripoti isipotaja mapigo yako yalikuwaje uliza.

22. Nina ripoti mbili zinapingana, niamini ipi?

Kwanza angalia zinapingana kiasi gani. Namba zikipishana kidogo, soma tena swali la 9. Zikipishana sana angalia presha na mapigo siku hizo, valvu ya mitrali inaweza kuvuja sana presha ikiwa 190 na kuvuja kidogo ikiwa 120. Angalia kama imeandikwa picha zilikuwa duni, kwa mtu mnene au mwenye mapafu yaliyojaa hewa inatokea, siyo kosa lako. Halafu peleka picha zenyewe, siyo karatasi tu, kwa mtu mmoja azitazame zote mbili pamoja. Omba nakala ya picha kila unapopimwa. Mwenye valvu ya bandia ndiyo zaidi, eko ya kwanza baada ya upasuaji itunze kama cheti cha kuzaliwa, kila valvu ya bandia ina kasi yake ya kawaida na bila ile ya kwanza hatujui iliyo mbele yetu imeharibika au ndivyo ilivyo.

23. Nirudie baada ya muda gani?

Inategemea. Valvu ya aota iliyobana kidogo ni miaka 3 hadi 5, wastani mwaka 1 hadi 2, sana miezi 6 hadi 12. Uvujaji mdogo sana na moyo wa kawaida, huenda usihitaji kurudia kabisa. Ila ratiba hiyo ni ya mtu ambaye hajabadilika. Ukizimia, ukianza kubanwa kifua ukitembea, ukihema kwa kazi uliyokuwa unaifanya vizuri mwezi uliopita, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, nenda leo.